Mimi Ni Nani? Somo la Utulivu Kutoka Vitabu vya Wahindu



Katika sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo, mashairi na hadithi za wanyama. Leo naomba nafasi nieleze jambo la namna nyingine, nalo ni mafundisho ya kale ya India juu ya nafsi ya kweli ya mtu, na jinsi yalivyonisaidia kupata utulivu wa moyo nilipokuwa katika mashaka. Mimi si Mhindu, wala siandiki haya ili kumtoa mtu katika dini yake. Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo na ningali humo. Lakini wazee husema elimu ni bahari, wala hapana bahari ipokeayo maji ya mto mmoja tu.

MASHAKA YANGU

Nitaanza na mashaka yenyewe, maana wengi wenu mnayajua. Miaka miwili iliyopita nilishindwa mtihani wa mwaka wa nne. Nyumbani kwetu mimi ndiye mtoto wa kwanza. Baba aliuza ng'ombe wawili ili nilipiwe karo, na shangazi alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba nitakuwa daktari. Matokeo yalipofika baba hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko fimbo. Shule yangu ya kwanza haikuwa na nafasi ya kunirudisha, ikabidi nitafutiwe nyingine hapa Jinja, nirudie mwaka pamoja na watoto walio wadogo kwangu.

Usiku sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho nilisikia kama sauti ikiniambia, "Wewe ni mtu wa kushindwa." Haikusema, "Ulishindwa mtihani." Ilisema, "Wewe ni mtu wa kushindwa." Angalieni tofauti ya maneno hayo mawili, kwa sababu somo lote la leo limo humo.

Kabla shule haijafunguliwa nilikwenda kununua sare katika duka la mzee mmoja Mhindu auzaye vitambaa na nguo za wanafunzi. Ana kioo kirefu ukutani. Nikavaa, akaniambia nijitazame. Nikatazama mara moja, nikageuza uso.

"Kijana, haikukukaa vizuri?" akaniuliza.

"Imenikaa vizuri, Mzee," nikamjibu. "Mimi mwenyewe ndiye sikukaa vizuri."

Hakucheka. Alikunja utepe wake wa kupimia, akaniambia kwamba katika vitabu vyao imo habari ya wanafunzi wawili waliojitazama wakiwa wamevaa nguo nzuri, na mmoja wao akadanganyika asirudi kuuliza tena. "Ukipata nafasi, njoo nikusimulie," akasema. Jumamosi iliyofuata nilikwenda, na Jumamosi nyingi baada ya hiyo. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, na mengine niliyoyasoma mwenyewe baadaye.

VITABU VYENYEWE

Vitabu vitakatifu vya kale kupita vyote vya Wahindu huitwa Veda, navyo ni vinne. Yako mafundisho yanayofuata Veda yaitwayo Upanishad. Kwa hesabu iliyozoeleka Upanishad ni 108, lakini zile kongwe zinazoheshimiwa kuliko nyingine ni kama 10 au zaidi kidogo. Katika hizo haulizwi sana mtu atoe sadaka gani au kwa taratibu gani; huulizwa mtu mwenyewe ni nani. Neno lao kuu ni atman, ambalo mimi nitaliita nafsi ya kweli.

Hadithi ya wanafunzi wawili imo katika sehemu ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, ya Chandogya Upanishad. Wataalamu wengi hukisia kwamba kitabu hicho kilitungwa karibu na karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo.

INDRA NA VIROCHANA

Prajapati, bwana wa viumbe, alitangaza kwamba iko nafsi isiyozeeka, isiyokufa, isiyo na huzuni, wala njaa, wala kiu, na kwamba hiyo ndiyo ya kutafutwa. Habari zikawafikia miungu, zikawafikia na asura, yaani wale wapinzani wa miungu. Miungu wakamtoa Indra, mkubwa wao. Asura wakamtoa Virochana. Wakafika kwa Prajapati bila ya kuagana, kila mmoja ameshika kuni mkononi. Kuni zilikuwa alama ya uanafunzi: mwanafunzi alileta kuni za moto wa mwalimu wake, kama vile watoto wa chuoni huku kwetu walivyokuwa wakimkatia mwalimu kuni na kumchotea maji.

Walikaa miaka 32 kabla ya kuulizwa wametaka nini. Ndipo Prajapati alipowaambia kwamba nafsi ni yule aonekanaye ndani ya jicho. Wao wakadhani asema juu ya sura. Akawaamuru watazame katika chombo cha maji, wakajiona wazima, tangu nywele mpaka kucha. Akawaamuru wajipambe na kuvaa nguo nzuri, watazame tena; wakaona watu wawili waliopambwa. Akawaambia basi hiyo ndiyo nafsi. Wakaenda zao mioyo yao imetulia.

Hapa tusimame kidogo. Kumbe upo utulivu wa namna mbili! Huu ulikuwa utulivu wa mtu aliyeridhika na jibu la kwanza. Virochana alifika kwao akafundisha kwamba mwili ndio nafsi, basi mwili upambwe, mwili utumikiwe, imekwisha. Wahenga wetu wangalimjibu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini Indra, kabla hajafika kwa miungu, aliona hatari. Aliwaza hivi: kama nafsi hupambwa mwili ukipambwa, basi mwili ukiwa kipofu nafsi nayo ni kipofu, mwili ukiwa kiwete nayo ni kiwete, na mwili ukifa, nafsi imekwisha. Katika jibu hilo hakuona faida. Akashika kuni, akarudi. Akakaa miaka 32 mingine.

Jibu la pili lilikuwa kwamba nafsi ni yule atembeaye katika ndoto. Indra akaondoka, na njiani akaona hatari tena. Ni kweli, kipofu huona katika ndoto, na kiwete hukimbia. Lakini katika ndoto mtu hufukuzwa, huona kama anauawa, hata hulia. Mimi niliposikia hapo nilimkatiza mzee nikasema, "Hayo nayajua, Mzee, kila usiku nafanya mtihani ule ule katika ndoto na kushindwa tena." Indra akarudi na kuni. Akakaa miaka 32 ya tatu.

Jibu la tatu: nafsi ni yule alalaye usingizi mzito, asiyeota lolote. Humo hamna hofu wala machozi. Wengi wetu tungalishika hilo na kwenda nalo, kwa maana mtu aliyechoka na mashaka hutamani kulala tu asahau. Nami nilitamani hivyo. Lakini Indra aliona hatari hata humo: mtu wa usingizi mzito hajijui mwenyewe, wala hamjui mwingine, yu kama aliyepotea kabisa. Kusahau taabu siyo kutulia. Akarudi mara nyingine na kuni zake.

Safari hii Prajapati alimwambia akae miaka mitano tu. Jumla ikawa miaka 101. Kisha akamweleza kwamba mwili huu hufa, nao ni makao tu ya nafsi isiyokufa. Mtu anayejihesabu kuwa ni mwili hawezi kuepukana na kupanda na kushuka kwa furaha na huzuni. Jicho ni chombo cha kuonea, pua ni chombo cha kunusia, akili ni chombo cha kuwazia. Lakini yuko anayejua kwamba anaona, ananusa, anawaza. Huyo ndiye nafsi.

MAANA YAKE

Upanishad nyingine iitwayo Mandukya, iliyo fupi sana, mafungu 12 tu, huzitaja hali hizo kwa utaratibu: kuwa macho, kuota, na kulala usingizi mzito. Kisha hutaja ya nne. Hiyo ya nne si usingizi mwingine ulio mzito zaidi. Hufundishwa kwamba ndiyo nafsi yenyewe, isiyobadilika hali tatu zile zinapokuja na kuondoka.

Nilitafuta mfano wa kwetu ili nielewe, nikamwona mlinzi wa lango la shule. Asubuhi huingia mzazi mwenye furaha, adhuhuri huingia mwenye hasira, jioni hutoka mwanafunzi aliyefukuzwa analia. Mlinzi huwaona wote. Lakini hasemi, "Mimi ndimi niliyefukuzwa," kwa sababu tu kilio kimepita langoni pake. Basi hofu ilipopita kwangu, nilijua kwamba imepita. Aibu ilipokaa, nilijua kwamba imekaa. Ikiwa naweza kuitazama hofu, mimi ninayeitazama si hofu. Ile sauti ya usiku ilichukua jambo lililotukia na kulifanya jina langu.

Nilimwuliza mzee kama mafundisho haya yalimsaidia yeye mwenyewe. Akanieleza habari ya mwaka 1972, wakati serikali ya Idi Amin ilipowaamuru watu wa asili ya Asia watoke Uganda katika muda wa siku 90. Yeye alikuwa kijana wa miaka 24. Duka la baba yake likabaki na bidhaa zake, nao wakaondoka na masanduku ya nguo. Alikwenda Uingereza, akarudi hapa katika miaka ya 1990. "Usidhani nilikuwa mtulivu," akaniambia. "Katika ndege nililia kama mtoto. Hadithi ya Indra nilikuwa nikiijua tangu utoto, lakini kuijua hadithi ni jambo moja. Huko ugenini, nikifanya kazi ya usiku kiwandani, ndipo nilipoanza kujiuliza: duka limekwenda, na jina la mwenye duka limekwenda, sasa huyu aliyebaki ni nani? Nikaona yupo, wala hakupungua." Nilipenda jibu hilo kwa kuwa halikujisifu.

MWANAFUNZI WA MADURAI

Msije mkadhani kwamba habari hizi ni za wazee tu. Katika mwezi wa Julai, mwaka 1896, katika mji wa Madurai, kusini mwa India, kulikuwa na mvulana wa shule mwenye umri wa miaka 16, jina lake Venkataraman. Baba yake alikwisha kufa, naye alikuwa akikaa nyumbani kwa ami yake. Siku moja, yu peke yake chumbani, mzima wa afya, hofu ya kufa ilimshika ghafula. Hakukimbia wala hakumwita mtu. Alilala chini, akanyosha viungo vyake kama maiti, akafunga midomo, akajiuliza: mwili huu ukifa ukachukuliwa kwenda kuchomwa, je, mimi nami nimekufa? Akaona kwamba yuko ajuaye hayo yote, asiyeguswa na kifo cha mwili. Tangu siku hiyo hofu ile haikumrudia.

Baada ya kama majuma sita alipewa kazi ya kunakili somo la sarufi ya Kiingereza mara tatu. Alinakili mara mbili, akaweka kitabu kando, akaketi kimya. Ndugu yake akamkemea. Akaacha barua, akasafiri mpaka Tiruvannamalai, penye mlima Arunachala, akafika tarehe 1 Septemba 1896. Alikaa huko mpaka alipokufa, tarehe 14 Aprili 1950. Watu walimpa jina la Ramana Maharshi, wakamwendea kutoka nchi nyingi, naye mara nyingi aliwarudishia swali moja tu: mimi ni nani? Mwishoni alipatwa na uvimbe wa saratani katika mkono wa kushoto, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Waliomwona wamesimulia kwamba aliendelea kuwapokea wageni kwa upole.

Tafadhali msiseme kwamba nimewaambia muache kunakili sarufi! Yeye mwenyewe, watu walipotaka kuacha kazi zao na jamaa zao ili wamfuate, aghalabu aliwaambia wabaki makwao, kwa kuwa uchunguzi huo mtu aweza kuufanya akiwa kazini.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, Wahindu wenyewe hawakubaliani katika kila jambo. Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, alifundisha kwamba nafsi ya kweli na Brahman, aliye asili ya vitu vyote, ni kitu kimoja tu. Ramanuja, katika karne ya 11 na ya 12, alifundisha kwamba nafsi zipo kweli, nazo humtegemea Mungu kama mwili umtegemeavyo mwenye mwili. Madhva, katika karne ya 13, alikaza kwamba Mungu ni mbali na nafsi ni mbali, milele. Basi mtu asiwaambie kwamba Wahindu wote wanaamini hivi au vile. Mimi katika dini yangu nasema nafsi imeumbwa na Mungu, wala sikuona haja ya kuacha kusema hivyo ili nijifunze kujitazama.

Pili, pengine mtu atauliza: kama mimi si huyu aliyeshindwa, kwa nini nisome tena? Si ni uvivu huu? Nilimwuliza mzee swali hilo hilo. Akanikumbusha Bhagavad Gita, kitabu chenye sehemu 18, ambamo Arjuna akataa kupigana vita, atupa upinde wake, akaa chini kwa huzuni. Krishna amfundisha habari ya nafsi isiyokufa, lakini hamwambii aende akalale. Amwambia atimize wajibu wake, asishikwe na tamaa ya malipo. Mwenye kusoma huku anatetemeka kwa ajili ya alama, nusu ya akili yake imo katika kutetemeka. Akiacha kutetemeka, akili yote hurudi kitabuni.

Tatu, dawa hii si ya kila ugonjwa. Mtu akikosa usingizi kwa majuma, au akiona hana tena hamu ya kuishi, asikae peke yake na maswali ya falsafa. Amwendee mwalimu, mzazi au daktari upesi. Hata Indra hakujifunza peke yake. Kila alipoona hatari alimrudia mtu.

NINAVYOFANYA

Desturi yangu ni fupi. Jioni, kabla ya masomo ya usiku, nakaa mahali penye kimya kwa muda wa dakika kumi. Siwafukuzi mawazo. Wazo likija, kwa mfano, "Baba ataona haya tena," najiuliza: wazo hili limemjia nani? Najibu, "Mimi." Kisha nauliza: na huyo mimi ni nani? Sipati jibu la maneno, wala sidai kwamba nimefika alikofika Indra. Lakini kila ninapouliza, wazo hulegea kama fundo lililopatiwa ncha. Siku nyingine halilegei. Basi siku hizo naondoka na kwenda kusoma hivyo hivyo.

Mwaka jana niliufanya mtihani mara ya pili. Nilifaulu, ingawa si kwa alama za kutangazwa. Hesabu ilinipiga chenga kidogo. Siku ya matokeo, kabla sijaambiwa lolote, nilisimama nje ya ofisi, mikono ikitetemeka kama mwaka wa kwanza. Nikaitazama inavyotetemeka. Nikajua kwamba nikifaulu nitafurahi, nikishindwa nitalia. Lakini nikajua pia kwamba sitaambiwa tena mimi ni nani na karatasi ile. Nikaingia. Jioni nilimpigia baba simu, akanyamaza kidogo kama desturi yake, kisha akasema, "Asante, mwanangu." Nilipopita dukani kumwarifu mzee alinipongeza, akaniuliza kama sasa nimetulia. Nikamwambia ndiyo. "Basi angalia," akasema. "Virochana naye alisema ndiyo."

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini Virochana alitulia upesi, na Indra hakutulia?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya "nilishindwa mtihani" na "mimi ni mtu wa kushindwa".
3. Kwa nini Indra hakuridhika na usingizi mzito, ijapokuwa hauna hofu wala huzuni?
4. Wewe umekwisha kuridhika na jibu gani la kwanza juu ya nafsi yako, na ungeshika kuni urudi kwa nani?